Ndiyo Yote, Mama Mdogo

Mabawa, Tanga
20 Rajabu 1375 (3 Machi 1956)

Mwanangu Sabiha,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi. Sisi wazima, mimi na Bibi yako, ila uzima wenyewe ndio huu wa kukaa ndani. Leo ni siku ya ishirini ya eda. Zimebaki mia moja na nane. Bibi yako anazihesabu kwa tasbihi, mimi nazihesabu kwa boriti za dari. Nikifika ukutani nageuka naanza tena. Kutwa nazunguka chumba hiki kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nakuandikia kwa herufi za chuoni, hizi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo nizijuazo, na nashukuru shule haikukusahaulisha.

Juzi shemeji Sadalla alileta sanduku la marehemu mume wangu kutoka Tabora. Alimkabidhi Bibi yako mlangoni, maana mimi kizuka, mjane wa edani, sionani na wanaume. Ndani mna randa yake, patasi mbili, kanzu, na koti lake la kazi ya reli. Mfukoni mwa koti mna barua ambayo haikupata kutiwa posta. Nimeona juu yake zile alama nilizozoea kuambiwa kwamba ni jina langu. Sadalla akasema kutoka ukumbini, "Shemeji, nikusomee?" Nikamwambia Bibi yako amjibu hapana. Akasema tena, "Pengine mna wasia." Nikasema hata kama mna dhahabu.

Unazikumbuka zile barua kumi na moja alizotuandikia tulipokuwa Kigombe? Wewe ndiye uliyekuwa ukizisoma, tangu una miaka tisa. Ukumbi unajaa wanawake wa jirani, nawe katikati, umekaa juu ya mkeka umenyoosha mgongo. Salamu kwa fulani, salamu kwa fulani, paa la jikoni litengenezwe, mnazi wa uani usikatwe. Nami nilikuwa nikikuuliza, "Ndiyo yote?" nawe ukinijibu, "Ndiyo yote, Mama Mdogo." Barua kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno langu mimi. Kisha akaacha kuandika kabisa. Mwaka jana alipokuja likizo, siku kumi alikaa ananitazama kama mtu anayengoja kupewa kitu. Nikampa chai.

Watu wanasema alikuwa na mke mwingine huko Tabora. Mimi sijui. Ila nimevaa nyeupe, sipaki wanja, sifukizi udi, sivuki kizingiti, na nataka kujua eda hii naikalia mtu gani. Nikitoka, mjomba wako atataka nirudi Kigombe, na maneno ya kuolewa tena yataanza. Nitayajibuje, na sijui nilikuwa mke wa nani?

Nifundishe herufi za shule. Nifundishe kwa barua. Nataka nizisome mwenyewe zote kumi na mbili kabla sijatoka. Bibi yako anasema nimerukwa na akili. Anasema, "Wenzio eda yao tasbihi, yako karatasi!" Anakusalimu.

Mama yako mdogo,
Asmahani


Bweni la Wasichana, Lushoto
12 Machi 1956

Mama Mdogo mpenzi,

Shikamoo, na Bibi naye shikamoo yake. Barua yako niliisoma chini ya dawati wakati wa hesabu. Mwalimu akaniuliza tisini na moja kugawa kwa saba ni ngapi, nikasema kumi na mbili. Darasa zima likacheka. Sikuwa nafikiria hesabu, nilikuwa nafikiria barua kumi na mbili.

Nasikitika sana kwa ajili ya Baba Mdogo. Nilikuandikia pole siku simu ya kifo ilipofika, lakini nahisi sikuandika vizuri, kwa hiyo naandika tena. Pole, Mama Mdogo.

Nitakufundisha. Katika karatasi ya pili nimekuchorea herufi kumi, na kila moja nimeiweka karibu na mwenzake wa chuoni. Alifu yako ni A. Mimu ni M. Nuni ni N. Lamu ni L. Anza kushoto uende kulia, usisahau. Andika kila moja mara ishirini.

Lakini naomba usizifungue barua za Baba Mdogo kwanza. Tumefundishwa kwamba msomaji mpya asianze na mwandiko wa mkono, aanze na maandishi ya chapa, kama vile maneno yaliyo juu ya pakiti ya majani ya chai. Tena mwandiko wa Baba Mdogo ulikuwa wa kulala sana. Likizo yetu inaanza Juni 23, siku tatu baada ya wewe kutoka eda. Je, hatuwezi kungoja hadi hapo? Nitakaa karibu nawe nikusomee polepole, sisi wawili tu.

Rafiki yangu Dorkasi anakusalimu. Ni Mshambaa wa Mlalo, Mlutheri, na vitanda vyetu vimepakana. Anasema herufi nilizokuchorea ni nzuri kuliko zile ninazoziandika katika daftari langu.

Mtoto wako,
Sabiha


Mabawa
10 Shaabani 1375 (23 Machi 1956)

Mwanangu Sabiha,

Herufi zako zimefika, na sakafu yote imejaa mkaa. Naandika chini kwa kipande cha mkaa, Bibi yako anapita anafuta kwa unyayo, akienda jikoni naandika tena. Nilianza kutoka kulia siku mbili nzima, mkono ulikuwa haukubali. Ndoa yetu ndivyo ilivyokuwa: yeye alikimbia chuo akajua za shule tu, mimi nikahitimu chuo nisijue za shule. Mmoja anatoka kulia, mwingine anatoka kushoto.

Jana nimesoma "mama". Leo nimesoma "mali" na "lima". Bibi yako akasema, "Haya, umeshajua mama, mali na kulima. Nini tena unataka duniani?"

Lakini Sabiha, mbona unaniletea herufi kwa kijiko? Ulileta kumi, ukaahidi pembeni kumi nyingine wiki ijayo. Zimekuja sita. Bado sina ile yenye kichwa kimoja na mguu mmoja, ambayo nikizitazama tu barua za marehemu naiona kila mahali. Nimeitafuta katika karatasi zako zote, haimo. Na kungoja Juni siwezi. Nikingoja mtu aje anisomee nitakuwa nimerudi palepale, mtu mzima anatazama mdomo wa mtoto.

Usiudhike. Sikukusudia kukuvunja moyo. Ni kukaa ndani huku. Jana nilijikuta nimeshika komeo la mlango, na sikumbuki niliinuka saa ngapi.

Asmahani


Lushoto
2 Aprili 1956

Mama Mdogo mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi sana kwa "mama", "mali" na "lima". Nimewaonyesha wasichana wa bweni letu barua yako, wakapiga makofi.

Ile herufi yenye kichwa kimoja na mguu mmoja ni ngumu. Haina mwenzake chuoni. Niliona itakuchanganya, ndiyo maana nikaiacha nyuma. Nitakuletea baadaye. Kwa sasa nakuletea nne nyingine, zifanyie mazoezi sana kabla hujaendelea.

Mvua zimeanza, nguo hazikauki. Napoteza vitu. Nimepoteza kifutio, kitana na kitabu cha jiografia katika wiki moja. Dorkasi ameniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu. Akasema, "Mtu asiye na kitu hatandiki kitanda chake mara tatu asubuhi moja."

Mama Mdogo, nikuulize. Kama mtu alifanya jambo alipokuwa mdogo kwa sababu alifunzwa kwamba ndiyo adabu, na jambo hilo likamdhuru mtu mwingine, kosa ni la nani? Ni swali la darasani tu.

Mfungo mwema, wewe na Bibi.

Sabiha


Mabawa
8 Ramadhani 1375 (19 Aprili 1956)

Sabiha,

Ile herufi nimeipata, na hukunipa wewe, ingawa ni mkono wako. Iko juu ya bahasha zako zote, mwanzo wa neno la kwanza: "Posta ya Tanga". Bibi yako huwaambia watu wa posta kila mara wamsomee anwani, basi neno lile analijua kwa moyo. Nikalifuata kidole kwa kidole. Haikuwa ngumu hata kidogo. Sijui kwa nini ulisema ni ngumu.

Nimefungua kopo ninamohifadhi barua za marehemu, sasa kwa kusoma. Nimeanza na ya kwanza kabisa, ile ya mwaka wa hamsini na moja. Siku tatu nimesoma mistari minne. Nimeona jina la Bibi yako, nimeona la mjomba wako, nikasema ah, ndizo zile salamu, nazikumbuka. Nikafurahi kama mtu aliyekutana na jirani njiani.

Kisha mstari wa tano. Unaanza na jina langu. Nimeurudia mara nyingi nikidhani nakosea. Nimemaliza daku naurudia, nimeswali naurudia. Kuna neno "mgongo". Mgongo wa nani, Sabiha? Hukupata kusoma habari ya mgongo. Ningekumbuka.

Nijibu upesi. Sikai, sisimami.

Asmahani


Lushoto
20 Aprili 1956

Mama Mdogo,

Barua hii nimeiandika kwa herufi za shule, kubwa, na nimeacha nafasi kati ya neno na neno. Herufi ulizokuwa hujapata nimezichora pembeni, na ile ya kichwa kimoja ni ya kwanza. Isome mwenyewe. Asikusomee mtu.

Si swali la darasani. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka tisa. Ulikuwa umekaa juu ya mbuzi karibu na mlango, unakuna nazi. Nilisoma salamu zote, nikafika mstari wa tano. Baba Mdogo aliandika hivi: "Asmahani, nikisikia nazi inakunwa nyumba ya pili, nauona mgongo wako ulivyoinama, naacha kazi nasikiliza." Nikainua macho. Bibi ananitazama. Wanawake watano wa jirani wananitazama, mmoja mdomo wazi, anangoja salamu yake. Na wewe ulikuwa umeinama vilevile, mgongo wenyewe uko mbele yangu. Uso ukaniwaka moto. Bibi alikuwa amenifunza kwamba mtoto hatamki ya chumbani mwa wakubwa. Nikaruka mpaka nilipoona "Paa la jikoni", nikaendelea hapo. Nilipomaliza Bibi akasema, "Mtoto huyu ana adabu, anasoma kama mtu mzima." Akanipa kashata.

Baada ya hapo nilijua kuyatambua kabla sijayafikia. Yalianza kila mara na jina lako peke yake. Nikiona "Asmahani" mwanzo wa mstari, naruka. Barua ya tatu alikuwa na homa, akaandika kwamba anachonga kitana kwa mbao za behewa ili akupe, kisha akakivunja kwa kuwa hakikuwa kizuri vya kutosha. Ya sita aliandika kwamba wewe ukicheka unaziba mdomo kwa pindo la ukaya wako wa kichwani, na huko hakuna anayecheka hivyo. Wewe ukaniuliza, "Ndiyo yote?" Nikasema, "Ndiyo yote, Mama Mdogo."

Sasa nakuambia ya kumi na moja, ambayo sikuisahau hata neno. "Asmahani, nimekuandikia mara kumi, na hujajibu neno langu hata moja. Nikirudi moja kwa moja, utafurahi? Ukisema njoo, naacha kazi. Ukinyamaza nitajua umezoea kukaa bila mimi, wala sitakusumbua tena." Mimi nikasoma: "Mnazi wa uani usikatwe." Tukamjibu kwamba haujakatwa.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na miwili. Siwezi kusema kwamba sikuelewa. Nilielewa. Niliogopa kwamba nikiisoma hiyo, utaniuliza habari za zile kumi.

Nimemwambia Dorkasi. Akasema, "Hukusema uongo, ulinyamaza tu." Nikamwambia kwamba "ndiyo yote" si kunyamaza. Akafikiri, akasema, "Basi andika leo, posta inafungwa saa kumi."

Wewe ndiye uliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Sina nyumbani pengine. Ukiniambia nisije Juni nitafahamu. Dorkasi amesema naweza kwenda kwao Mlalo.

Sabiha


Lushoto
6 Mei 1956

Mama Mdogo,

Barua yako ya tarehe 19 imefika leo, imelowa. Mgongo ni wako.

Yangu niliyokueleza yote niliitia posta siku moja tu baada ya yako. Karani wa posta anasema mvua imekata barabara, na mifuko ya barua imelala Mombo. Nimekwenda kumwuliza mara nne. Leo akasema, "Binti, hata mimi nangoja barua." Nikaona haya.

Sabiha


Lushoto
13 Mei 1956

Mama Mdogo,

Idi njema kwako na kwa Bibi. Hapa Waislamu tuko saba, tumepikiwa pilau. Nimekula kidogo.

Barabara imefunguliwa tangu Jumanne. Wengine wamepata barua.

Sabiha


Mabawa
20 Mfunguo Mosi 1375 (31 Mei 1956)

Sabiha,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwa herufi hizi. Nimeiandika siku tano. Usicheke mwandiko.

Barua zako mbili zilifika pamoja siku ya pili ya Idi, ile fupi na ile kubwa. Ya tatu ikafuata. Zilinikuta nimeshamaliza kumi na moja. Kwa hiyo ulipoungama nilikuwa najua.

Nilikasirika. Nilitaka nivuke kizingiti, eda au si eda, nipande gari la moshi nije nikuchape mbele ya mwalimu wako. Siku nyingi sikushika kalamu. Nilikuwa naogopa nitakayoandika.

Mwishoni nikamwambia Bibi yako. Nilidhani atakulaani. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nilijua."

Nikamwuliza, "Ulijua nini, mama?"

"Kwamba mtoto anaruka. Macho yake yalikuwa yanatembea na mdomo umefumba. Nikasema hayo ni ya mume na mke, amefanya vyema."

"Mama! Miaka mitatu!"

"Ala, na wewe ungependa yasomwe mbele ya majirani wale? Mgongo wako ungekuwa umeshafika Mkwaja kabla ya maghribi."

Nikacheka, Sabiha. Sikukusudia. Mara ya kwanza tangu nivae nyeupe. Yeye akaanza kulia, akasema, "Nilidhani atakuja ayaseme mwenyewe kwa mdomo. Mwanamume gani hasemi kwa mdomo?" Ungo ukamponyoka. Tukaokota mchele sote wawili, punje kwa punje.

Barua ya kumi na mbili niliiacha mpaka nikaweza kusoma bila kidole. Ni fupi. Nakuandikia yote: "Asmahani, nimechoka kungoja jibu kwa posta. Safari ile nilikaa siku kumi nikashindwa kufungua mdomo, ukaninywesha chai mpaka nikaona haya. Nimeomba nihamishiwe Tanga, wamekubali. Idi nitaila Mabawa. Safari hii nitakuuliza kwa mdomo, na"

Hapo pana doa la wino. Haikuisha. Homa ilimkuta.

Kwa hiyo hakuninyamazia. Alikuwa anakuja.

Hukuuliza kama nimekusamehe. Umeuliza uje au usije. Nitajibu yote mawili. Kusamehe, bado sijui. Asubuhi nimekusamehe, alasiri nikikumbuka ile chai nakukasirikia tena. Kisha nachukua kopo, nasoma moja, napoa. Ningezisikia siku zile, mbele ya watu, ningeziba masikio kwa aibu, na sasa zingekuwa zimechakaa. Lakini mjane gani mwingine mji huu anapata barua mpya za mumewe? Ninazo kumi na mbili. Kitana sina, lakini najua kilichongwa.

Eda hii sasa najua naikalia nani. Kuja, utakuja. Usiende Mlalo. Mshukuru Dorkasi.

Asmahani


Lushoto
8 Juni 1956

Mama Mdogo mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo Bibi.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni pa posta, nikanyeshewa. Sikujua kwamba alikuwa anakuja. Nimekuwa nikifikiri miaka miwili hii kwamba mimi ndiye niliyemfungia mlango. Bado nafikiri niliufunga. Lakini yeye alikuwa anausukuma.

Mwandiko wako haulali hata kidogo. Umesimama wima kama wewe.

Sikuuliza kama umenisamehe kwa sababu niliogopa jibu. Hilo la asubuhi na alasiri linanitosha. Nitakuja na treni ya asubuhi kutoka Mombo. Nisipotarajia mengi nitafika salama, ila sijui namna ya kutotarajia.

Ile siku ya hesabu, jibu lilikuwa kumi na tatu.

Mtoto wako,
Sabiha


Mabawa
12 Mfunguo Pili 1375 (21 Juni 1956)

Mwanangu Sabiha,

Jana nimetoka eda. Wanawake walikuja alfajiri wakaniogesha, wakanivika kanga mpya, Bibi yako akanifukiza udi mpaka nikapiga chafya. Mlango ukafunguliwa. Siku mia moja na ishirini na nane niliutamani mlango ule, na ulipokuwa wazi nikasimama tu. Bibi yako akanisukuma mgongoni. Akasema, "Toka, mgongo wa watu huo."

Mjomba wako alikuja kutoka Kigombe, akaanza maneno yake kwa mbali, kwamba kuna mtu mwema, mfanyabiashara, hana haraka. Nikamwambia, "Kaka, kama yeye hana haraka, mimi sina haraka kumshinda yeye." Nakaa Mabawa. Jirani zangu watatu wameniomba niwafundishe herufi. Tumeanza na ile yenye kichwa kimoja.

Jana hiyohiyo nilijibu barua ya kumi na moja. Kwa herufi za shule, kwa wino. Neno moja tu: "Njoo." Nilitembea nayo mpaka posta, mkononi, juani. Nilifika dirishani, karani akanyoosha mkono. Nikaona haina pa kwenda, nikarudi nayo, nikaiweka ndani ya kopo juu ya yake. Njiani kurudi nilikuwa nalia, lakini nilikuwa natembea upesi, na miguu ilikuwa inafurahi.

Barua hii naituma kwa mkono wa Sadalla mpaka Mombo, ikupate kabla hujapanda treni, ili uje unajua adhabu yako. Usidhani nimeisahau.

Utafika Jumamosi. Utakula kwanza. Kisha tutafunga mlango, mimi, wewe na Bibi yako, majirani wabaki nje. Mkeka uleule wa Kigombe ninao. Utakaa katikati, unyooshe mgongo kama zamani, nikupe kopo. Utazisoma zote kumi na mbili kwa sauti, na usiruke hata mstari. Nakujua utaona haya. Bibi yako anasema yeye atatazama ukutani, lakini usimwamini.

Utakapofika lile doa la wino, nitakuuliza kama nilivyokuwa nikikuuliza: "Ndiyo yote?"

Nijibu kweli.

Mama yako mdogo,
Asmahani